Kabla ya Kuwaita Mashujaa

Nina ugomvi na neno shujaa, na si ugomvi wa jana. Kila mwanajeshi kijana anapokufa na ndege katika nchi isiyo na vita, neno hili hufika msibani kabla ya wachunguzi. Huja na bendera nusu mlingoti, hotuba na dakika moja ya kimya. Likishakaa kwenye kiti cha mbele, maswali yote hukosa pa kukaa. Nani atasimama katikati ya waombolezaji aulize habari za waya, injini au boya? Ataambiwa hana adabu.

Nasimama mimi. Na ili asije mtu akanihukumu kwamba natonesha kidonda kibichi, nitachukua vifo vya zamani na vya mbali, vya kiangazi kimoja cha mwaka 1928. Wenye msiba ule nao wameshakufa, kwa hiyo tunaweza kusema kwa sauti ya kawaida.

Tarehe 25 Mei 1928, chombo kilichoitwa Italia, puto refu la gesi linaloendeshwa kwa injini, kilianguka juu ya barafu kaskazini ya visiwa vya Svalbard, kikirudi kutoka Ncha ya Kaskazini. Kiongozi wake alikuwa Jenerali Umberto Nobile. Kati ya watu 16 waliokuwemo, 10 waliachwa juu ya barafu, mmoja wao akiwa amekufa. Sita waliobaki walichukuliwa na puto lililopaa tena bila mwelekeo, wasionekane hadi leo. Walionusurika walikuwa na hema, ambalo walilipaka rangi nyekundu lionekane kutoka angani, na kiredio kidogo. Tarehe 3 Juni kijana mmoja wa Urusi, Nikolai Schmidt, mpenzi tu wa redio, aliunasa wito wao. Ikawa mbio. Italia, Norway, Sweden, Finland, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, wote walituma meli au ndege.

Miongoni mwa ndege hizo zilikuwemo ndege za maji. Nazungumzia zile ambazo tumbo lake lenyewe ni mashua: ikitua inakaa juu ya maji kama jahazi, na chini ya mabawa kuna maboya au kando ya tumbo kuna vibawa vya kuizuia isilale ubavu. Ni chombo kizuri kwa nchi isiyo na viwanja lakini yenye maji. Ila kina sharti moja: rubani wake hutafuta maji kama mwenye kiu. Mto kwake ni barabara na ni kiwanja kwa wakati mmoja. Likumbuke sharti hilo, msomaji, maana lilimuua mtu.

Tarehe 18 Juni, saa kumi jioni, ndege ya maji ya jeshi la wanamaji la Ufaransa, Latham 47, iliondoka bandari ya Tromsø, Norway, kwenda kumtafuta Nobile. Ilikuwa bado ndege ya majaribio, iliyoundwa Caudebec-en-Caux kando ya mto Seine kwa ajili ya kuvuka Bahari ya Atlantiki. Ndani walikuwa watu sita. Siku hiyo Tromsø zilikuwepo ndege nyingine za uokoaji, za Sweden na Finland. Latham iliondoka peke yake. Saa tatu hazikutimia, redio yake ikanyamaza, na haikusikika tena.

Sasa fungua kitabu chochote cha historia usome sentensi inayofuata. Utakuta: Roald Amundsen alipotea na wenzake watano.

Amundsen alikuwa mtu mkubwa, sibishi. Ndiye aliyefika wa kwanza Ncha ya Kusini mwaka 1911. Alikwenda kumtafuta Nobile ingawa walikuwa wamegombana vikali baada ya safari yao ya pamoja ya mwaka 1926, na jambo hilo linamheshimisha. Lakini Amundsen hakuwa akiirusha ndege ile. Aliketi ndani kama abiria. Mikono iliyoshika usukani ilikuwa ya René Guilbaud, ofisa wa jeshi la wanamaji, mwenye miaka 37. Huyu Oktoba 1926 aliondoka Ufaransa kwa ndege ya maji, akalivuka bara letu hadi Madagascar na kurudi mwaka uliofuata, wakati ambapo babu zetu wengi hawajawahi kuona ndege hata kwenye picha. Pembeni yake alikuwa rubani mwenzake, Albert Cavelier de Cuverville. Fundi wa injini alikuwa Gilbert Brazy, mtu wa redio Emile Valette. Na Mnorway Leif Dietrichson, rubani aliyekwisha kuruka na Amundsen kwenda kaskazini mwaka 1925. Hao ndio "wenzake watano". Nimewaandika wote, na karatasi haikujaa.

Tarehe 31 Agosti 1928 mashua ya wavuvi iitwayo Brodd iliokota boya la Latham baharini. Oktoba likaokotwa tangi lake la mafuta. Tundu la tangi lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha mbao, na wengi waliolitazama walilisoma hivi: ndege ilitua majini au ilianguka, boya moja likang'oka, na watu waliokuwa hai ndani yake walijaribu kuligeuza tangi tupu kuwa boya jipya.

Kaa na kizibo hicho kidogo. Mtu alikichonga. Katika maji ya baridi ile, mawimbi yakipiga, mtu mwenye kisu au shoka alikata kipande cha mti akakipima tunduni. Hotuba husema "walitoweka", kana kwamba walikunjwa na malaika. Kizibo kinasema walifanya kazi. Walikuwa mafundi na marubani waliotaka kurudi nyumbani, na walijua hasa ni kifaa gani kilichokuwa kikiwaua: boya. Shujaa hahitaji boya la akiba. Rubani analihitaji sana.

Mwingine wa kiangazi kile ndiye hasa aliyenitia katika ugomvi huu.

Wapenzi wa mpira mnaokesha kwenye vibanda umiza mmewahi kulisikia jina lake bila kujua. Timu ya Venezia inacheza nyumbani katika uwanja mdogo ulio ukingoni mwa mji wa Venice, ambako mashabiki wengi hufika kwa boti. Uwanja huo unaitwa Pier Luigi Penzo. Msimu wa 2021 hadi 2022 Venezia walipopanda ligi kuu ya Italia, watangazaji walilitaja jina hilo kila wiki mbili. Nimewauliza mashabiki kadhaa Penzo ni nani. Mmoja akaniambia bila wasiwasi: mfungaji wao wa zamani. Mwingine: tajiri aliyejenga.

Penzo alikuwa rubani wa kijeshi, mtoto wa Venice, aliyezaliwa 1896. Alirusha ndege katika Vita Kuu ya Kwanza akarudi mzima. Mwaka 1928 aliendesha ndege ya maji aina ya Dornier Wal, iliyopewa jina Marina II, hadi Svalbard kuwatafuta wenzake wa Italia. Wal ilikuwa ndege imara: Amundsen alikwenda nazo mbili barafuni mwaka 1925, na moja iliwarudisha watu wote sita. Tarehe 22 Juni Penzo na mwenzake Umberto Maddalena waliruka juu ya lile hema jekundu na kuwadondoshea watu wa barafuni mahitaji. Aliona nyuso zilizoinuliwa kumtazama. Alirudi kutoka ukungu ule, kutoka barafu ile, kutoka bahari iliyomla Guilbaud siku nne kabla.

Tarehe 29 Septemba 1928 alikuwa njiani kurudi nyumbani. Kazi imekwisha. Alikuwa akiufuata mto Rhône kusini mwa Ufaransa, kama afanyavyo rubani yeyote wa ndege ya maji, kwa sababu nimeshasema: mto kwake ni kiwanja. Karibu na mji wa Valence ndege yake iligonga waya wa umeme wa msongo mkubwa uliokatiza mto, ikaanguka majini. Penzo akafa. Wakafa pia Tullio Crosio na Della Gatta, waliokuwa naye. Penzo alikuwa na miaka 32.

Vita havikumuua. Ncha ya Kaskazini haikumuua. Aliuawa na waya juu ya mto, katika nchi yenye amani, akienda nyumbani. Mji wake ukampa uwanja.

Hapa ndipo wenzangu wengi huniambia: basi si wamemuenzi? Unataka nini zaidi? Nataka waya. Nataka kila anayelitaja jina la uwanja ule ajue habari ya waya. Jina la mtu likiandikwa ukutani bila kilichomuua, ukuta unakuwa kifuniko. Mtoto wa Venice atakua akiamini kwamba Penzo alikufa kwa sababu alikuwa jasiri. Hapana. Ujasiri wake ndio uliomfikisha kwenye hema jekundu na kumrudisha. Kilichomuua hakikuwa na uhusiano wowote na ujasiri. Hata rubani mwoga kuliko wote, akiruka kimo kile mahali pale, angekufa.

Nasikia methali inakuja, maana haichelewi: ajali haina kinga. Tumeisikia wote, tumeisema wote makaburini huku tukimpiga mfiwa begani. Nataka kuipinga hadharani. Waya juu ya mto una kinga. Kinga yake ni mpira. Leo ukipita penye mabonde na mito mikubwa utaona mipira ya rangi ya chungwa, nyekundu au nyeupe imening'inizwa kwenye nyaya za umeme. Watoto hudhani ni mapambo. Ni alama kwa marubani, na kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka nyaya zinazokatiza mito na mabonde ziwekewe alama pale zinapoweza kuwa hatari kwa ndege. Mpira ule hauna wimbo wala mnara. Lakini kwa maoni yangu kila mmoja ni kumbukumbu ya kweli ya watu kama Penzo kuliko uwanja wenye viti elfu kumi, kwa sababu mpira unaendelea kumlinda mtu ambaye hatujui hata jina lake.

Naijua namna habari za aina hii zinavyopikwa, kwa kuwa nilisoma taarifa za habari redioni miaka kadhaa, katika kituo ambacho sitakitaja. Habari ya kifo cha wanajeshi ilipewa sekunde ishirini. Cheo cha mkubwa kinaanza, jina lake linafuata, kisha "na wengine". Majina hukatwa kuanzia chini, kwa koplo, kama unavyokata kitambaa kilichozidi. Siku moja niligoma kusoma "na wengine", nikataka majina yote. Mhariri wangu aliniambia, "Dada, hayo majina yatakula tangazo la saruji." Nikasoma majina. Tangazo lilichelewa sekunde kumi na moja, na nchi haikuanguka. Nilipewa onyo la maandishi, ambalo ninalo bado, na sijawahi kulionea haya.

Sekunde kumi na moja. Hiyo ndiyo bei ya kuondoa neno "wengine". Mwezi Aprili 2024 helikopta ya jeshi la Kenya ilipoanguka Elgeyo Marakwet, vichwa vya habari vingi viliandika Jenerali Francis Ogolla na wengine tisa. Mkuu wa majeshi anastahili kutajwa kwanza, hilo ni desturi na sina neno. Lakini hao tisa kila mmoja alikuwa mtoto wa nyumba fulani, na katika nyumba hiyo hakuna aliyekuwa "mwingine".

Mtetezi wa neno shujaa ana hoja yenye nguvu, nami sitaipita pembeni. Anasema: familia inahitaji kitu cha kushika. Mama aliyempoteza mwanawe hataki mhadhara wa nyaya. Anataka kuambiwa mwanawe hakufa bure. Tena, anasema, uokoaji ni kazi ya hatari. Kila rubani akisubiri ndege kamilifu na anga safi, watu wa barafuni wangekufa wote. Bila watu wanaothubutu hakuna atakayeokolewa.

Nakubali nusu ya pili yote. Guilbaud alijua bahari ile ilivyo. Penzo aliujua ukungu. Hiyo ni hatari mtu aliyoitazama usoni akasema nakwenda, na kwa hilo waiteni ushujaa, nitapiga makofi. Lakini kuna hatari ya pili, ile ambayo rubani hakuichagua kwa sababu hakuiona au hakuulizwa: waya uliotandazwa na binadamu, kifaa kilichochoka, mashua ya uokoaji isiyokuwepo. Neno shujaa linachanganya hatari hizi mbili katika chungu kimoja. Ya kwanza inampa sifa aliyekufa. Ya pili inatupa deni sisi tuliobaki. Ukizichanganya, deni linageuka sifa, na mdaiwa anaondoka msibani akishangiliwa.

Na nusu ya kwanza, ya mama? Nimekaa na akina mama waliofiwa. Sijakutana hata na mmoja aliyechukia kuambiwa ukweli. Nimekutana na wengi waliochukia kuachwa wakibahatisha. Kufa bure ni nini, kama si kufa kwa kitu kilekile kilichomuua mwingine mwaka jana? Anayetaka kumhakikishia mama kwamba mwanawe hakufa bure, amwoneshe kilichobadilika.

Sisi wa kando ya ziwa hatuna haja ya kwenda Svalbard kulielewa hili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba iliangukia Ziwa Victoria, karibu na uwanja, mbele ya macho ya watu. Ndani walikuwa 43. Walikufa 19, wakiwemo marubani wote wawili. Haikuwa ndege ya jeshi wala ndege ya maji, lakini ilikufa kifo cha ndege ya maji: majini, karibu na nchi kavu, watu wakiwa hai ndani. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alikuwa miongoni mwao, akasaidia katika uokoaji. Taifa lilimshangilia, akapewa fedha na kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na zaidi.

Lakini angalia neno lilivyofanya kazi yake. Wiki nzima tulisema shujaa, shujaa, shujaa, kwa sauti kubwa kiasi kwamba swali dogo lilizama: kwa nini mtu wa kwanza mlangoni, kwenye uwanja uliojengwa ukingoni mwa ziwa, alikuwa mvuvi na mtumbwi wake? Ukiutazama vizuri, ushujaa wa Majaliwa ulikuwa ushahidi. Alijaza pengo kwa mwili wake. Tukampongeza aliyejaza, tukaona aibu kulitazama pengo. Na wavuvi wa Brodd mwaka 1928, walioliokota boya la Latham, wangemtambua mara moja kama ndugu yao. Bahari na maziwa duniani kote huachiwa wavuvi.

Kwa hiyo sisemi tulifute neno. Nasema liwekewe masharti kama dawa kali. Anayetaka kumwita rubani aliyekufa shujaa, awe waziri, jenerali, mhariri au mchungaji, kwanza ajibu mambo matatu mbele ya watu. La kwanza: walikuwa nani, wote, kwa majina, mpaka fundi wa mwisho. La pili: ni kitu gani kiliwaua, kwa jina lake la kawaida, waya uitwe waya na boya liitwe boya. La tatu: ni nini kimebadilika tangu siku ile, kiko wapi, na nani amekwenda kukiona kwa macho yake.

Hayo matatu yakijibiwa, hotuba na iendelee, bendera na ishushwe nusu mlingoti, nami nitasimama kimya dakika nzima pamoja na wengine. Yasipojibiwa, naomba aliyeshika kipaza sauti aketi, ampe nafasi fundi.